Anza na Rubani

Jumamosi, 3 Mei

Mvua tangu asubuhi. Klabu imekutana hivyo hivyo — sisi wanne, ndoo chini ya paa linalovuja, kwenye chumba cha nyuma cha Sharubu. Wino wa mashine zake unanukia mpaka ndani ya chai. Ligi ya majitu inaanza Jumamosi ijayo na mimi nimekabidhiwa michoro niikague, kama kila mwaka. Eti kwa sababu ndimi mwenye roho mbaya kuliko wote. Sharubu kasema hayo mbele ya watu. Sikubisha.

Pia ametaka niandike kanuni upya, azichape zibandikwe ukutani. Najaribia hapa. Kila mchezaji anachora jitu lake la chuma kwenye karatasi. Anapewa tani mia. Humo agawe miguu, injini, deraya, mizinga, mapipa ya kupozea joto, na chumba cha rubani. Likizidi hata nusu tani, karatasi inarudi kwa mwenyewe. Mkaguzi akiridhika anatia sahihi chini, na hapo hakuna tena kubadili kitu. Basi. Nini kigumu hapo? Lakini kila mwaka kuna mtu anakuja kulia.

Nimeshaanza kukagua.

La Sharubu, "Radi Kuu". Mizinga sita, miguu ya kuku! Akipiga yote kwa mkupuo, joto linapanda, jitu linazimika lenyewe katikati ya ubao, na adui anakuja kulivunja taratibu huku anapiga mluzi. Kelele nyingi, kinga kidogo. Mtu na jitu lake. Hesabu lakini ziko sawa. Sahihi.

La Kijiti, "Kumbikumbi". Linakimbia, linaruka, halina deraya ya kuzuia hata jiwe la manati. Kijiti anaamini kukwepa ndiyo kinga. Labda ni kazi imemzoesha — ndiye anayesimama chini ya kreni anayoendesha kaka yangu, na redio mkononi, akimwelekeza mzigo utue wapi. Sahihi, kwa shingo upande.

La kwangu atalikagua Kaka. Mkaguzi hajikagui.

La Kaka, "Mwendapole". Sijalifungua. Nimelibakiza kwa makusudi, niwe na kitu kizuri cha kesho.

Jumapili, 4 Mei

Tani mia na tisa.

Nimejumlisha tena. Nikaenda kuosha vyombo, nikarudi, nikajumlisha kuanzia chini kwenda juu. Mia na tisa.

Hakuweka chumba cha rubani. Kakichora — kizuri, na kidirisha chake, kama anavyochora siku zote — lakini uzito wake hakuuandika popote. Na mapipa ya kupozea yako manne kwenye mchoro, mawili kwenye hesabu. Ukivitia hivyo ndiyo zinazidi tisa. Makosa ya mgeni. Makosa ambayo tungemcheka mgeni.

Kaka! Aliyenifundisha mchezo huu kwenye meza ya mama, kabla hatujawa na dadu, tunatumia vifungo vya mashati. Aliyekuwa ananipiga kidole kichwani kila nikianza na mizinga. "Anza na rubani. Chuma kinanunuliwa, mtu hanunuliwi." Nimemsikia akisema hivyo maisha yangu yote.

Na kitu kingine. Deraya ya mgongoni, tani kumi na nne. Ya kifuani, sita. Nani anavaa ngao mgongoni? Kila mtu anayejua mchezo anaweka mbele. Nikajua ni mkono ule ule uliosahau rubani.

Nikirudisha karatasi, Sharubu atataka kujua kwa nini, na Sharubu akijua jambo ni sawa na kulichapa. Basi nikachukua penseli. Nikaongeza rubani na mapipa kwenye hesabu, na ile kumi na nne ya mgongoni nikaifanya tano, kwa mwandiko wake — naujua kama wangu. Mia kamili. Nikatia sahihi.

Funika kombe mwanaharamu apite. Sijisikii vizuri hata kidogo.

Jumatano, 7 Mei

Kazi nyingi kwenye duka la miwani. Lenzi imenipasukia kwenye jiwe la kusagia, ya kwanza tangu mwaka jana. Mwenye duka kanipa nyingine. Ni mwema, ndiyo inauma zaidi.

Jumamosi, 10 Mei

Naomba nisahau siku hii.

Mwendapole dhidi ya Radi Kuu, mchezo wa kufungua ligi. Kaka kavaa shati lake la pasi. Zamu ya pili tu akaligeuza jitu lake — akampa Sharubu mgongo. Wazi kabisa! Kijiti akashika kichwa. Kaka alikuwa anatabasamu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Haikuwa usahaulifu. Ule mgongo mnene ulikuwa mtego. Sharubu hawezi kuona mgongo akaacha kupiga yote sita. Apige yote, joto limpande, azimike. Mgongo wa tani kumi na nne ungehimili. Kisha Mwendapole angegeuka polepole, akalimaliza jitu lililolala. Simba mwenda pole ndiye mla nyama — ndipo jina lilipotoka, na miaka yote hii hajapata kulitendea haki namna ile. Ulikuwa mchoro bora kuliko wote niliowahi kukagua. Na mimi nikaukata.

Sharubu akapiga yote sita. Akazimika, kama Kaka alivyopanga. Lakini mgongo ulishapasuka, na rubani akaenda.

Kaka aliichukua karatasi, akaisogeza kwenye taa. "Mbona hapa niliweka kumi na nne?" Imeandikwa tano. Akaigeuza nyuma, kama vile tani zilizobaki zimejificha huko.

Sharubu akasema uzee unabisha hodi, mzee afungue mlango. Wakacheka. Kaka akanitazama mimi. Mimi nilikuwa nakoroga chai isiyo na sukari.

"Basi nimesahau," akasema. "Siku hizi nasahau." Akacheka na yeye. Sijawahi kumsikia akicheka vile, kama mtu anayeomba radhi kwa kuwa ndani ya chumba.

Ningeweza kusema pale pale. Maneno matatu tu. Sikusema.

Jumatatu, 12 Mei

Kaka kaja dukani kabla ya kwenda kazini. Akazungukazunguka, akajaribu fremu ya kike mbele ya kioo, akaniuliza kama inampendeza. Nikamwambia inampendeza kuliko wateja wangu. Kisha akaivua.

"Mdogo wangu, nataka unikague."

Nikadhani anataka mchoro mpya. Hapana. Anasema tangu Jumamosi hana usingizi. Kama mezani, ametulia, na chai mkononi, aliandika tano akidhani kaandika kumi na nne — je, kule juu? Kengele ya kreni, ile inayolia mzigo ukizidi, imekufa tangu mvua za mwanzo. Msimamizi kila siku anasema kifaa kiko njiani. Kwa hiyo kila mzigo mzito anaupigia hesabu mwenyewe kwenye karatasi, kisha ndiyo ananyanyua. Sasa haiamini karatasi yake.

Atakuwa ananiletea asubuhi. Nikiona kosa nimpigie simu kabla hajapanda ngazi. Nisipoona, nikae kimya. "Kimya chako ndiyo sahihi yako," akasema. "Wewe una roho mbaya. Hutanionea haya."

Hutanionea haya!

Nilikuwa na lenzi ya mteja mkononi na nikaisingizia hiyo lenzi. Nikasema sawa, Kaka. Akanigusa kichwani kwa kidole, akaenda. Kutoka kwenye meza yangu naiona kreni yake juu ya paa la benki. Niliitazama asubuhi nzima ikizunguka na sikukata hata jozi mbili za lenzi.

Jumatano, 14 Mei

Karatasi ya leo, nondo za ghorofa ya juu. Sawa. Ya jana pia ilikuwa sawa.

Labda amepona. Labda hakuwa mgonjwa, ni mimi niliyemtia ugonjwa kwa penseli. Hilo ndilo ninaloomba liwe kweli — kwamba kosa ni langu peke yangu. Sijui mtu anaombaje kitu kama hicho.

Ijumaa, 16 Mei

Si langu peke yangu.

Leo alikuwa ananyanyua tangi la maji. Kaandika uzito wa tangi, vizuri, na umbali. Hakuandika ndoano. Hakuandika minyororo. Kama ule uzito wa chumba cha rubani — vitu vilivyoko mbele ya macho yake kila siku, ndivyo vinavyomtoka.

Nikampigia, nikamwahi chini ya ngazi. Nikamsikia akihesabu tena. Kisha, "Ahsante, mkaguzi." Kisha akaniuliza kama nimeshakula.

Tangi lenyewe lilikuwa jepesi. Kreni isingeyumba hata kidogo. Lakini siku mzigo ukiwa mzito je?

Jumapili, 18 Mei

Nimekwenda kwao. Kaka alikuwa bafuni anaimba. Wifi anapiga pasi. Nikamwambia taratibu: wifi yangu, apelekwe kwa daktari, na asipande tena mpaka apimwe.

Hakuinua macho. "Mume wangu si mgonjwa. Amechoka. Ninyi ndio mmemtia hofu na mchezo wenu wa watoto. Alitoka kwenu Jumamosi ile kama kapigwa."

Nikamwambia yote. Penseli, mgongo, tano badala ya kumi na nne. Yeye ndiye mtu wa kwanza kumwambia. Akazima pasi.

"Kumbe wewe."

Kumbe mimi. Ndiyo. Lakini rubani alimsahau mwenyewe, wifi. Na minyororo aliisahau mwenyewe, juzi, na mimi sikugusa kitu. Mficha maradhi kifo humuumbua — na hapa kitakachoumbua si kifo chake, ni cha mtu aliyesimama chini.

Akakaa kitandani juu ya nguo zilizonyooshwa, akalia bila sauti, kwa ajili ya yule anayeimba. Akaniambia jambo ambalo nilikuwa silijui. Mwezi uliopita Kaka alimwita kwa jina la mama yetu. Siku nzima. Naye aliitika.

Akaomba: jengo hili liishe tu. Likiisha anastaafu. Ashuke mwenyewe kwa miguu yake, watu wampigie makofi, asishushwe. Nikasema daktari kwanza. Akajifuta macho kwa shati alilolinyoosha. Kaka akatoka bafuni, akatukuta, akauliza nani kafa.

Jumanne, 20 Mei

Kijiti kaja dukani, mguu wa miwani yake umevunjika. Kaifunga kwa waya wa kufungia nondo, anaonekana kama jitu lake mwenyewe.

Wakati naitengeneza akawa anapiga soga. Alhamisi wanapandisha jenereta juu ya paa. Mzigo mzito kuliko yote ya jengo lile. Baada ya hapo ni rangi na milango. Nikamuuliza, huogopi?

"Niogope nini? Mzee akiwa juu mimi hata sitazami. Nasikiliza mnyororo tu. Mke wangu naye huniuliza hivyo hivyo, namwambia, wenzangu wana bima, mimi nina kaka juu."

Akacheka kwa sauti, akavaa miwani, akajitazama kwenye kioo. Akasema sasa anaona hata dhambi za Sharubu.

Nikamwangalia akivuka barabara. Sikumwambia. Nimeandika hapa ili nione inavyosomeka. Inasomeka vibaya.

Jumatano, 21 Mei

Nimempigia Kaka, nataka karatasi ya jenereta leo jioni. Anasema bado anaipigia hesabu, asiharakishwe, nitaipata asubuhi kabla ya saa mbili. Sauti yake ya kawaida. Akataka kujua Sharubu anasemaje kuhusu mchezo wa marudiano.

Nimenakili namba ya msimamizi kutoka kwenye kibao cha uzio wao. Nimeamua. Karatasi isipofika, napiga. Ikifika na kosa, nampigia Kaka. Ikifika bila kosa — nakaa kimya. Nimejiwekea kanuni, kama zile za ukutani. Kanuni ni rahisi mtu akiwa amekaa.

Alhamisi, 22 Mei

Naandika hapa hapa kwenye meza ya kukatia. Mwenye duka kanitazama, kaniacha. Lenzi nimeziweka kando.

Saa mbili Kaka hakupita. Saa mbili na nusu hakupita. Mvua nyembamba. Nikampigia, simu imezimwa — wakipanda huzima, ndiyo sheria yao. Kijiti hapokei, ana redio tu mkononi. Kisha nikaona mkono wa kreni unazunguka juu ya paa la benki. Polepole. Ndoano ikaanza kushuka nyuma ya uzio.

Nikampigia msimamizi. Nikamwambia asimamishe.

"Wewe ni nani?"

"Mkaguzi wake." Ilinitoka tu.

"Mkaguzi kutoka wapi?"

"Mimi ni mdogo wake. Wa tumbo moja. Kaka yangu anasahau kujumlisha. Juzijuzi alisahau minyororo. Na kengele yenu ni mbovu, mnajua. Msimnyanyulishe jenereta, kuna mtu chini."

Nikamsikia anapiga kelele, si kwangu, simu iko mbali na mdomo wake: simamisha, simamisha! Kreni ikasimama. Ndoano ikabaki inaning'inia tupu.

Nikasema, nimefanya. Liwalo na liwe.

Haikupita hata chai kupoa, Wifi akaingia. Kalowa mpaka kichwani, mkononi mfuko wa nailoni, ndani yake karatasi imekunjwa vizuri.

"Samahani, wifi yangu, samahani. Alinipa jana usiku nikuletee mapema. Nikasema nipite hospitali kwanza, wanafungua alfajiri. Nimemchukulia tarehe ya daktari! Kama ulivyotaka. Jumatatu. Foleni ndiyo imenichelewesha."

Anatabasamu. Ananionyesha kikadi cha miadi. Nikafungua karatasi.

Mstari wa kwanza: "Kijiti — asimame nyuma ya ukuta wa ngazi. Asikae chini ya mzigo hata dakika moja."

Kaanza na mtu.

Kisha ndoano. Kisha minyororo, mmoja mmoja. Kisha jenereta, na mafuta yake ndani, na fremu yake ya chuma. Umbali. Upepo — hata upepo kautolea tani zake. Nimejumlisha kwenda chini. Nimejumlisha kwenda juu. Nimetafuta kosa kama mtu anayetafuta pete, nikiliomba liwepo. Hakuna. Ni sahihi. Ni karatasi safi kuliko zote alizowahi kunipa, pamoja na zile za ujana wake.

Alikaa nayo siku tatu, kasema Wifi. Alikuwa anaamka anaisoma. Akisahau alipofika anaanza tena na mstari wa kwanza.

Na chini kabisa kapiga mstari kwa rula, kama tunavyofanya kwenye majitu, kaandika: "Mkaguzi." Kaniachia nafasi.

Hakusikia kutoka kwangu, basi akajua nimekubali. Kimya changu ndiyo sahihi yangu. Akapanda.

"Vipi?" Wifi kaniuliza. "Kuna kosa?"

"Hakuna."

"Sasa mbona imesimama?" Anatazama dirishani. Bado anatazama. Mimi naandika. Nadhani ameshajua, maana ameuweka ule mfuko mtupu mezani na anaunyoosha kwa kiganja, kama anapiga pasi.

Kaka anashuka. Namwona kwenye ngazi, mdogo mdogo, anaweka mguu, anapumzika, anaweka mwingine. Hakuna anayepiga makofi. Watu wamekusanyika chini, na nadhani yule mwenye kitu kinachong'aa usoni ni Kijiti. Amesimama nyuma ya ukuta wa ngazi.

Ilikuwa sawa kupiga simu? Bado nasema ilikuwa sawa. Leo alikumbuka, na Ijumaa alisahau, na kesho hakuna anayejua. Ningepiga tena. Naandika hivyo na machozi yananitoka kama mjinga.

Ametoka getini. Hana kofia ya kazi. Kijiti amemfuata hatua chache, Kaka amemwonyesha kwa mkono arudi. Anakuja huku. Amesimama ukingoni mwa barabara, anatazama kulia, kushoto, kulia tena, kama alivyokuwa akinishika mkono nikiwa na sare ya shule.

Na ule mgongo bado sijamwambia. Sasa yako mawili. Sijui nianze na lipi. Anadhani alisahau, na hakusahau, ulikuwa mtego mzuri kuliko yote. Labda nianze na hilo. Akijua hilo labda hili lingine —

Anavuka.

Nimechukua kalamu, si penseli. Nimetia sahihi kwenye karatasi yake, pale aliponiachia. Wifi ameona.

Kengele ya mlango —